Malalamiko Kuhusu Kipaza Sauti Mlichomvisha Nana

Ofisi ya Msemaji,
Kasri la Nana Bediako Ntow,
Krobease, Ashanti.

Kwa Bibi Naa Dedei Lamptey,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi,
Kongamano la Teknolojia na Kesho Yetu,
Accra.

Bibi Mwenyekiti,

YAH: KUHARIBIWA KWA KINYWA CHA NANA NA KAMATI YAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote mnaoshughulika na kesho. Sisi huku bado tuko leo. Ningeandika mapema zaidi, lakini hasira yangu ni ya mtu aliyesoma. Haitoki mpaka ipangwe kwa aya.

Mimi ni Kwasi Ampratwum, msemaji wa Nana Bediako Ntow, chifu wa Krobease. Bila shaka unanikumbuka. Ndimi yule bwana wa makamo mwenye fimbo yenye kichwa cha dhahabu, fimbo ambayo mlinzi wenu alitaka kuipitisha kwenye mashine ya kukagulia mikoba. Kabla ya kukabidhiwa fimbo nilifundisha historia sekondari, nikaandika magazetini makala ambazo waziri mmoja alizijibu kisha akajuta, na nyumba yangu ina vitabu vingi kuliko mke wangu anavyovumilia. Nayataja haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu anayeogopa umeme.

Kazi yangu unaijua, lakini kwa kuwa kamati yako ilitenda kama haiijui, naieleza kwa ufupi. Nana hasemi na watu. Nana husema nami, kwa sauti ya chini, nami husema na watu. Wakijibu, hunijibu mimi, japokuwa Nana ameketi papo hapo na masikio yake yote. Neno la Nana likija bichi, mimi hulipika. Hasira yake hunifikia ikitokota na huwafikia watu ikiwa vuguvugu. Ndiyo maana tangu atawazwe hajamtukana mtu yeyote hadharani, ingawa sikioni mwangu ameshaitukana karibu wilaya nzima.

Kinywa hicho mmekivunja, na Jumapili ya Akwasidae, siku ambayo Nana hupokea wageni wa heshima, iko mlangoni. Naomba uyasome malalamiko haya kwa mpangilio wake, maana kila moja ndilo lililozaa la pili.

1. Mapokezi. Kwetu sote, na hata kwenu Waga, wenyeji wa Accra, mgeni akifika hukalishwa kwanza, hupewa maji, ndipo huulizwa ametoka wapi na amekuja na neno gani. Sisi tulifika mlangoni mwa ukumbi wenu, Nana, mimi na mbeba mwavuli, hatukuona kiti wala maji. Palikuwa na meza ndefu na binti aliyevaa fulana yenye maandishi "Niulize Chochote". Sikumuuliza. Nilisubiri aniulize yeye, kama inavyopasa. Tukatazamana.

"Karibu, Mjomba," akasema mwishowe. "Mmejiandikisha?"

Nikachukulia kwamba hiyo ndiyo namna mpya ya kuulizia safari. Kwa hiyo nikamweleza safari, na sikuruka kitu: tulivyoamka, mvua iliyotukamata Nkawkaw, tairi lililopasuka na fundi aliyetusaidia na ukoo wake, kisha nikageukia nia njema iliyotuleta. Nyuma yangu foleni ilifika hadi barabarani. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mzee, hii foleni ni ya kuingia ukumbini, siyo ya kupeleka posa!"

Binti akaniambia kwa upole, "Mjomba, mimi ninachotaka ni barua pepe tu."

Nana akanong'ona: "Kwasi, ameshatoa maji?"

"Bado, Nana."

"Basi usinyamaze mpaka atoe."

Maji yalikuja, katika chupa ya plastiki, yakisukumwa kwa mkono wa mlinzi. Kisha mkamvika Nana kamba shingoni, na kadi iliyoning'inia ikasema: NANA, na chini yake: MJASIRIAMALI MCHANGA. Binti akaeleza kwamba mashine yao ilikuwa na aina nne tu za binadamu na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi.

2. Mkono wa kushoto. Wazungumzaji wenu wote wana kidude cha kubadilishia picha ukutani. Mkono wa kulia umeshika kipaza sauti, basi kidude hushikwa kwa wa kushoto, na mkono huo huo ndio wanaowanyooshea watu wakisema "wewe pale, na wewe pale, mnaweza kubadilisha dunia." Kuanzia asubuhi hadi adhuhuri nilinyooshewa mkono wa kushoto na watu ambao sikuwahi kuwakosea. Nana aliniuliza: "Tumewafanyia nini hawa?"

3. Chakula. Mnakula mkiwa wima, mnatembea, mnaongea, mnapeana kadi kwa vidole vyenye mafuta. Sawa, ni chakula chenu. Lakini Nana haonwi akila. Nikaomba pazia. Wapishi wenu, ambao nawasifu kwa kuwa walielewa haraka kuliko kamati, walikokota bango la benki moja inayowafadhili na kutuzungushia. Nana akala wali wake nyuma ya maneno makubwa yasemayo TUNAFUNGUA MILANGO KWA WOTE. Mtu akainua simu juu ya bango akapiga picha. Nasikia imependwa sana huko mitandaoni. Mimi sikuipenda.

4. Sasa tunaanza kuingia penyewe. Bibi Mwenyekiti, nilikaa katika kongamano lako tangu mapambazuko ya hotuba hadi machweo yake, na nikagundua kwamba mahubiri yalikuwa ni yale yale. Huyu ana programu ya kuuza samaki, yule ya kutafuta daktari, yule wa tatu ya kukodi trekta, na wote wanajisifia jambo moja: wamemwondoa mtu wa kati. "Tunamwondoa mtu wa kati!" na ukumbi unalipuka kwa makofi. "Hakuna tena mtu wa kati!" na mabinti wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele na fimbo yangu mapajani. Mimi ni mtu wa kati. Ni mtu wa kati kwa cheo, kwa kiapo na kwa ukoo wa mama. Hebu fikiria umealikwa kwenye karamu, na kila anayesimama kutoa pongezi anapongeza kifo chako.

Na je, mmewahi kujiuliza mtu wa kati anafanya nini hapo katikati? Mnadhani amekaa bure kama jiwe njiani? Mimi nimesoma historia ya himaya na vita vyake, na nakwambia vita vingi vilianza siku ambayo wakubwa wawili walielewana vizuri mno. Ustaarabu wote, Bibi Mwenyekiti, umejengwa katika ule upenyo mdogo kati ya alichosema mtu na kilichosikika. Ninyi mnaupima upenyo huo na kuuita hasara.

Nikiwa na uchungu huo akapanda jukwaani kijana anayeitwa Blankson, mwenye kaptura. Alipewa dakika tatu. Alikuwa anatetemeka, anameza maneno, anayatapika mawilimawili, na hakuwa na msemaji! Nikatazama kushoto na kulia, hakuna aliyesimama kumsaidia. Mtoto wa watu anazungumza na umati mzima bila mtu wa kumpokea maneno. Nakiri kwamba miguu yangu ilisimama kabla ya akili yangu. Nikapanda, nikasimama kando yake na fimbo yangu, na kila alipomaliza sentensi nikaipokea na kuifikisha.

Yeye akasema: "Programu yetu ni, yaani, inaunganisha mkulima na mnunuzi, bila ule, ule usumbufu."

Mimi nikasema: "Blankson anasema: amewaona wakulima wakiwa wamesimama ng'ambo moja na wenye njaa ng'ambo nyingine, na usiku hakupata usingizi kwa kuwawazia. Anawasalimu wote wawili. Anasema hakuja kuwatenga na wale waliokuwa wakiwavusha; amekuja kuwaongezea mtumbwi."

Makofi yalikuwa marefu kuliko dakika zake. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Aliposhuka alinivuta pembeni: "Mjomba, asante, lakini umesema kampuni yangu inawaheshimu mababu."

"Kwani haiwaheshimu?"

"Mjomba, ni programu ya kuuza nyanya."

"Nyanya hizo zinaota kwenye ardhi ya nani?"

Akarudi kwenye kiti chake. Huo ndio ushindi wangu pekee katika kongamano lako, na haukudumu hata saa moja.

5. Kipaza sauti. Nana aliitwa kwenye jopo mliloliita "Sauti ya Kale, Kasi Mpya". Mwongozaji alikuwa Bi. Mawusi Dzokoto, binti mchangamfu, sina ugomvi naye. Mlimkalisha Nana juu ya kigoda kirefu cha chuma cha aina ya kilabuni, miguu ikaning'inia. Fundi wenu wa sauti, bila kuomba, bila hata kusema samahani, akaingiza mkono kwenye vazi la Nana na kulibania kidude kidogo kama mende. Nikadhani ni pambo la kongamano, maana siku hiyo tulishapambwa vya kutosha. Mimi nikapewa kipaza sauti cha mkononi, nikaona heshima imerudi mahali pake.

Spika zote zilielekezwa kwa watu. Sisi huku nyuma yake hatukusikia chochote. Hili nalieleza ili lisichukuliwe kwamba mimi ni mjinga.

Bi. Mawusi akauliza: "Nana, unaona akili bandia inaweza kuusaidiaje utawala wa jadi?"

Nana akaniinamia, kama alivyoniinamia miaka yote, akasema kwa ile sauti yake ya chini: "Kwasi, huyu binti anataka nini? Na hiki kiti walimtengenezea kasuku? Mjibu lolote, tuondoke kabla foleni ya magari ya Nsawam haijaanza."

Nikainuka, nikainua fimbo, nikasema: "Nana anasema: swali lako ni pana kama mto wa masika, naye amesimama ukingoni akilitazama kwa heshima. Anasema mmemketisha mahali pa juu ili aone mbali, na anachokiona mbali ni safari, na safari njema ni ile inayoanza mapema."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikadhani nimependeza. Niliinama kidogo, Mungu anisamehe.

Bi. Mawusi, akijifuta machozi, akauliza tena: "Na kwa wawekezaji waliopo hapa, una ujumbe gani?"

Nana akaninong'oneza: "Hao ndio wawekezaji? Mbona hawana soksi? Waambie watutengenezee barabara kwanza. Hayo ya hewani tutayaongea wakishafika bila kukwama kwenye tope."

Nikasema: "Nana anawashukuru wawekezaji kwa unyenyekevu wa mavazi yao. Anasema kati ya moyo wake na mioyo yenu ipo njia, na anatamani njia hiyo ilainishwe."

Hapo watu walianguka kwenye viti. Mama mmoja kutoka nyuma akapiga kelele: "Wee msemaji, hebu kaa! Mwache aseme mwenyewe!" Wengine wakadakia: "Nana! Nana! Nana!" Nana akageuka akawatazama, akanitazama mimi, akakitazama kile kidude kifuani pake.

"Kumbe wananisikia?" akasema.

"Ndiyoooo!" ukumbi ukajibu.

Bibi Mwenyekiti, nimekuwa karibu na uso wa Nana kuliko mtu yeyote isipokuwa wake zake. Nimeuona siku ya kutawazwa, nimeuona akipata mjukuu. Sijawahi kuuona ukifanya ulivyofanya pale. Ulifunguka wote. Akauweka mkono wake wa kulia juu ya fimbo yangu, taratibu, akaishusha chini, akasema bila kunong'ona: "Kwasi, kaa kidogo."

Nikakaa. Akaongea mwenyewe hadi mkazima taa za jukwaa. Foleni ya Nsawam tuliikuta yote, na njia nzima alikuwa anaimba.

6. Yaliyofuata nyumbani. Laiti mngekomea hapo. Lakini wiki iliyofuata likaja boksi kutoka kwa kamati yako, "kumbukumbu ndogo kwa Nana wetu mpendwa", na ndani yake kidude kile kile pamoja na spika ya kubeba. Sasa anakivaa akiamka. Zamani kesi ya mihogo ilichukua asubuhi nzima. Mimi niliizungusha, nikaipoza, kila mmoja akaondoka akidhani ameshinda. Juzi kesi kama hiyo ilikwisha kabla sijafika kwenye kigoda changu. Nana alimwambia mshtakiwa: "Wewe ni mwongo, na baba yako alikuwa mwongo, mimi nilisoma naye. Lakini mihogo ni yako. Nenda kapande." Eti yule bwana akacheka! Akasema, "Ni kweli, Nana, mzee alikuwa mwongo," akaenda zake kupanda.

Watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Wanakaa kama wako kwenye mpira.

Aidha, Nana husahau kukizima. Kasri zima, na soko lililo nyuma yake, tulimsikia akimbembeleza mkewe Maame Serwaa amwongezee chumvi kwenye supu, na tukamsikia Maame akimwambia: "Daktari alisema nini? Sema! Kidude chako si kinapenda ukweli?" Soko likapiga makofi. Mchana alipolala alikoroma, na wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo ya fufu wakafuata mapigo yake. Wanadai siku hiyo fufu ilitoka laini kuliko kawaida. Mimi huniambii kitu kuhusu fufu hiyo, sikuila.

Na mimi? Nakaa kando yake na fimbo. Mtu mmoja ameniuliza kama mimi ndiye ninayechaji betri.

7. Hatari yenyewe. Haya yote ningeyameza kama isingekuwa Jumapili. Siku hiyo Nana Safrotwe, chifu wa Nkwantapon, anakuja na wazee wake kuhusu ule msitu mdogo wa Asubrim, ulio kati ya miji yetu. Shauri hilo lilianza enzi za msemaji aliyenitangulia. Kila mwaka wanakuja, kila mwaka tunasema, kila mwaka wanaondoka bila damu kumwagika. Sijisifu, lakini unafikiri damu hiyo inazuiwa na nini?

Nitakudokeza anayoninong'oneza Nana kila mwaka Safrotwe anapoingia uani. "Tazama kichwa hicho, utadhani kinu." Nami hutangaza: "Nana anasema amefurahi kuona kichwa kinachobeba mengi." Mwaka jana alisema: "Mwulize huyu bahili kama ile kanzu aliiba kwa maiti." Nami nikatangaza: "Nana anauliza hali ya waliotutangulia." Nana Safrotwe naye ana msemaji wake, Opanyin Gyambrah, mtu mahiri sana, na nina hakika kwamba yanayotoka kwake yameoshwa vivyo hivyo. Kati yetu wawili tumeujenga ukuta wa maneno mazuri, na nyuma ya ukuta huo miji miwili inalala salama.

Sasa Nana ametangaza kwamba Jumapili atavaa kidude. Nimempigia magoti. Amenijibu, na mtaa mzima ukasikia: "Kwasi, safari hii nataka yule mtu anisikie mimi."

Unaona sasa mlichofanya? Mwanzo mlimnyima mgeni kiti. Ukimnyima mgeni kiti, unamnyima nafasi ya kueleza alichojia. Asipoeleza, anaingia akiwa hajulikani, anaitwa mjasiriamali mchanga, anapandishwa kwenye kigoda cha kasuku, anabanwa mende kifuani, na kutoka hapo ni hatua ndogo tu hadi vijana wa miji miwili kukatana mapanga msituni. Mnyororo huo hauna pete hata moja inayokosekana, nimeukagua.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote:

Kwanza, uje mwenyewe Krobease kabla ya Jumapili ukichukue kidude. Akikataa, sema kina ugonjwa na lazima kirudishwe kiwandani. Ninyi watu wa teknolojia mna maneno mengi ya namna hiyo.

Pili, uje na kondoo na pombe ya tambiko, uombe radhi kupitia msemaji. Huna msemaji, nitakusemea mimi. Nitakuwa najibu pia kwa niaba ya Nana, kwa hiyo tutaelewana.

Tatu, kuanzia mwakani asipande mtu jukwaani kwenu bila msemaji. Niko tayari kuwafundisha.

Nne, ikiwa mnajua kweli kutengeneza programu, basi tengenezeni moja yenye maana: mtu akiandika ujumbe kwa hasira, simu iupokee, iusafishe, iuongezee salamu, ndipo iufikishe. Serikali iilazimishe kwa simu zote nchini, za mawaziri kwanza. Mtanitaja kama mwanzilishi.

Tano, yote yakishindikana, unawafahamu watu wa shirika la umeme. Wilaya yetu ikae gizani Jumapili tangu asubuhi hadi wageni waondoke. Hakuna atakayeshangaa.

Nawasilisha haya bila chuki. Nisalimie kamati yote, Bi. Mawusi na kicheko chake, wapishi waliotupatia bango, kijana Blankson na nyanya zake, yule binti wa mezani ambaye sasa anaijua safari yetu kuliko dereva wetu, na hata fundi wa sauti, japo salamu zake ziwe fupi. Maame Serwaa anakusalimu. Nana angekusalimu, lakini hajui kwamba naandika.

Wako katika kulinda upenyo,

Kwasi Ampratwum
Msemaji wa Nana, Krobease

Nyongeza: Barua hii haikutumwa kwa wakati. Nilikuwa nikiipiga msasa aya ya nne, na aya ya nne ilinichukua hadi Jumapili yenyewe. Sasa huna haja ya kuja.

Wageni wa Nkwantapon walifika asubuhi. Nana alivaa kidude chake. Nilipofungua kinywa kumkaribisha Nana Safrotwe, Nana alinitangulia. Alisema, na kila aliyekuwa uani alisikia: "Safrotwe, kichwa chako bado ni kinu." Nikafumba macho. Niliwasikia vijana wao wakisimama. Halafu nikasikia mtu akicheka, mtu ambaye sikuwahi kusikia kicheko chake, na alikuwa Nana Safrotwe. Akampita Opanyin Gyambrah, akaja hadi mbele ya Nana, akakiinamia kidude, akasema: "Na wewe bado una masikio ya popo. Mbona hukuja kumzika mama yangu?"

Nana akasema: "Nilituma salamu."

"Zilikuja. Msemaji wako alisema jua limetua upande wetu na nyota za Krobease zinatikisika. Tulikaa siku tatu tukiuliza kama ni pole au ni kitisho."

Nana alinitazama. Kisha akamwambia: "Nilimwambia Kwasi aseme nimelia. Nililia, Safrotwe. Mama yako alinilisha nilipokuwa mtoto." Na akalia tena, hapo hapo, kwenye spika.

Kuhusu msitu, Nana Safrotwe alisema hakuwahi kuutaka wote. Alitaka njia ya kupitia kwenda makaburini kwao, ambako sasa amelala na mama yake. Nana alisema njia ichukue. Ilikwisha kabla ya supu kuiva. Mimi na Opanyin Gyambrah tulikuwa tumekaa ukutani, fimbo mbili, bila neno. Aliniuliza polepole, "Kwasi, hivi tulikuwa tunawaambia nini miaka yote hii?" Nilimwambia sikumbuki vizuri, lakini yalikuwa mazuri sana.

Malalamiko yangu mengine yote yanabaki kama yalivyo, hasa ya mkono wa kushoto. La kidude nalifuta. Tena, kwa kuwa kinakula betri, na dukani kwetu hamna za aina hiyo, tunaomba mtutumie nyingi.

Mwisho wa yote wale wakubwa wawili walisimama wakitazamana, machozi yamekauka, kila kitu kimeshasemwa, na hakuna aliyejua namna ya kuagana. Uani pote watu walikuwa wanasubiri. Nana akakizima kidude kwa mkono wake mwenyewe, akaniita: "Kwasi, njoo sasa. Sisi tumemaliza. Sema kitu kizuri."

Nilisema kwa muda mrefu. Hakuna aliyenikatiza.